Mwenzi wa Mia Nne Kumi na Saba

Kila mwaka mvua za kwanza zikishapita, mti ule ulichanua, na kila mwaka Mama Miche alijidanganya kwamba safari hii huenda.

Huenda nini, alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika bustani ile ya mimea. Huenda kijitunda kimoja tu, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kikashika. Basi alivuta kigoda chake, akaketi mbele ya mti ndani ya nyumba ya kioo, akainua lenzi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akakagua ua baada ya ua. Maua yenyewe, tuseme kweli, hayakuwa ya kumtoa mtu kwake. Yalikuwa ya kijani kilichofifia, madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Wageni wa Jumapili waliupita mti huo bila kugeuza shingo, wakakimbilia kupiga picha kwenye bwawa la mayungiyungi, wala hawakuwa na habari kwamba nyuma yao wameacha mti ambao bustani zote za dunia zilikuwa nao mmoja tu, huo huo.

Haukuwa hata na jina. Wataalamu waliopelekewa tawi lake kavu walijibu kwa adabu kwamba hawawezi kuupa jina mpaka waone tunda. Katika daftari la bustani uliandikwa kwa namba ya siku ulipoingia, na kwa namba hiyo ndivyo wote walivyouita: Mia Nne Kumi na Saba.

Shida yake ni ile ile ya mpapai. Kila aliyepanda mpapai uani anajua kuna dume na kuna jike, na jike akikaa peke yake atachanua mpaka achoke. Mia Nne Kumi na Saba alikuwa jike. Dume hakuwepo.

"Huyu hataki mbolea, Mama Miche. Anataka mume," walimtania vibarua wa kitalu.

"Na nani hapa asiyetaka?" aliwajibu, nao wakacheka, lakini hawakuendelea. Walijua utani wa Mama Miche una mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa hapo hapo.

Asubuhi ile alikuwa amefika ua la arobaini na kitu mkurugenzi alipoingia na bahasha mkononi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, tena mdogo kwake kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo asilolipenda. Alikohoa.

"Mama, barua yako ya kustaafu imetoka. Miezi minne."

"Nilijua inakuja. Miaka sitini haifichiki."

"Lakini ufunguo wa nyumba hii utabaki nao. Nimeshaandika. Uje wakati wowote unaotaka." Akauangalia mti, akainama akaona shina lilivyoanza kuoza upande mmoja, karibu na udongo. "Huu una muda gani?"

"Miaka mitatu. Mitano, nikiubembeleza."

"Na vipandikizi?"

"Nimejaribu mara sitini na mbili. Vyote vinaoza."

Mkurugenzi akainuka. "Mama, huko ulikoutoa, haukuwa na wenzake?"

"Walikuwepo."

"Sasa si tuwafuate?"

Mama Miche aliishusha lenzi kifuani, akawa anaifuta kwa pindo la kanga yake ingawa ilikuwa safi.

Kulikuwa na jambo ambalo mkurugenzi, kwa kuwa alisomea ofisini zaidi kuliko porini, hakulijua vizuri. Watu wanaokusanya mimea wana adui ambaye watu wengine hawamwazii: mwizi wa mimea. Mwizi huyo husoma. Hufungua kitabu cha kumbukumbu, akakuta mmea adimu umeandikiwa kilima fulani, hatua kadhaa kutoka barabarani, akashukuru, akachukua jembe. Mwaka mmoja kabla ya kuupata Mia Nne Kumi na Saba, Mama Miche alikuwa ameandika mahali pa ua moja la mwambani kwa uaminifu wote, mpaka idadi ya hatua. Aliporudi baada ya miezi sita alikuta mashimo matupu, moja baada ya jingine, kana kwamba aliwachorea ramani. Alikaa chini akalia. Siku hiyo akaapa kufanya kama walivyofanya wakongwe wa kazi hiyo: mmea unaotamaniwa, mahali pake andika pengine, ukweli ukae kichwani.

Kwa hiyo katika daftari, mbele ya namba 417, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kusini ya mto, mwendo wa siku nzima." Kilima chenyewe kilikuwa kaskazini ya mto, mwendo wa nusu siku.

Ukweli ulikaa kichwani. Ila haukukaa kichwani mwake.

Ulikaa kichwani mwa Usukani, dereva wa gari la bustani, ambaye pia alikuwa mumewe. Mtu huyo hakuwahi kufungua ramani; njia aliyopita mara moja ilimwingia mwilini. Mama Miche naye akipanda gari alikuwa hana macho ya kitu kingine isipokuwa vichaka vilivyopita dirishani. "Wewe tazama majani," Usukani alimwambia, "njia niachie mimi." Akamwachia. Na ndiyo maana angeweza kukuchorea jani la Mia Nne Kumi na Saba akiwa usingizini, mishipa yote na vinyweleo vya upande wa chini, lakini kwenye daraja lililoanguka hakujua kama waligeuka kulia au kushoto.

Siku tatu walikaa kwenye kilima hicho, mvua ikinyesha, wakilala garini. Magazeti ya kukaushia mimea yalilowa, na Usukani akawa anayaanika moja moja juu ya boneti lenye joto, akiimba vibaya kwa sauti kubwa kwa sababu hakuna aliyemsikia ila mke wake. Kwenye mteremko walihesabu vichaka vya mti ule thelathini na viwili. Hakuna kilichokuwa na ua wala tunda. Mama Miche alichimba mmoja tu, mdogo, maana huchukui zaidi ya kile ambacho mlima hautakihisi. Usukani akaufunga kwenye gunia bichi, akaupakata kati ya mapaja yake njia nzima ili usitikisike, akiendesha amekaa upande. Mungu hakuwajalia mtoto. Siku hiyo, alipomtazama mumewe akipunguza mwendo kwenye kila shimo kwa ajili ya mche, Mama Miche alimpenda upya.

Mti ulikaa miaka saba bila kuchanua. Na mwaka ulipotoa vikonyo vya kwanza, bustani ikapunguza magari, Usukani akapata kazi ya lori katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi.

"Tangulia," Mama Miche alimwambia. "Nitakufuata miche ikishahamishwa."

Hakuwa anamdanganya. Lakini nani amewahi kuona miche ikaisha kuhamishwa? Hii ikitoka kitaluni ile inaota. Mwaka wa kwanza Usukani alikuja kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa pili alikuja mara mbili. Kisha zikaja barua, kisha salamu za mdomo, kisha kimya. Hakuna aliyetamka talaka, hakuna aliyemtukana mwenzake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yao yaliumia taratibu mpaka kila mmoja akafikiri ndivyo matumbo yalivyo. Mama Miche aliendelea kulala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, miaka kumi na tisa.

Alipokuja kuelewa kwamba mti wake ni jike na kwamba dume amebaki kilimani, alichukua kalamu amwandikie mumewe, akaiweka chini. Mume hujamfuata, hujui amekula nini wala amelala wapi, umwandikie kumwuliza njia ya kwenda kichakani? Hata kama ni mti wa dhahabu! Aibu ikamfunga mkono. Mara mbili aliondoka na madereva wengine kukitafuta kilima mwenyewe, na mara mbili alirudi na matope tu.

Sasa alikuwa amebakiwa na miezi minne, na mti miaka mitatu. Akapiga moyo konde. Jumamosi alfajiri akapanda basi.

Nyumba aliikuta kwa kuulizauliza. Ilikuwa ya matofali, nadhifu, na mlangoni ameketi wifi yake, dada mkubwa wa Usukani, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mjane, alihamia kwa mdogo wake huyo zamani, na ulimi wake ulikuwa wembe tangu enzi za harusi.

"Hodi hapa."

Wifi akainua uso. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akarudia tena kuanzia juu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Akapepeta ungo mara moja, mbili. "Haya, miche imeshahamishwa?"

Mama Miche alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Bado kidogo, wifi."

"Bado kidogo! Miaka ishirini kasoro mmoja. Hiyo ni miche au ni uzi wa buibui?" Lakini alikuwa ameshasogea kumpa nafasi kwenye mkeka. "Umekuja kutafuta majani au umekuja kutafuta mtu? Sema mapema, nijue napika cha nani."

"Majani," akasema Mama Miche. Kisha machozi yakamlengalenga, na hakuona sababu ya kuyaficha kwa mwanamke huyu ambaye hajawahi kufichwa kitu. "Na mtu. Sijui kipi nilianza kukitafuta."

Wifi akaweka ungo chini. "Mtu yuko ndani anavaa shati. Amekusikia sauti, ndiyo maana anachelewa."

Ni kweli alichelewa. Alipotokea, vifungo vya shati vilikuwa vimepishana kwa kimoja. Mvi zilikuwa zimemjaa, na mgongo ule uliokaa kwenye lori miaka yote hiyo haukunyooka vizuri. Alishika fremu ya mlango kama mtu aliyeshuka garini sasa hivi.

"Umezeeka," akasema.

"Wewe je, uliwekwa kwenye jokofu?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipoisha hawakujua waweke wapi macho yao. Wifi akasema anakwenda kubandika chai. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni tu, akasimama hapo.

Walikunywa. Waliulizana habari za mgongo, za magoti, za vibarua wa zamani, nani amekufa na nani ameoa. Mama Miche aliona chai inakwisha na hajasema. Akakitua kikombe.

"Nimekuja kuuliza njia."

"Ya kilima."

"Ya kilima."

Usukani akatikisa kichwa polepole. "Hakuna njia."

"Umesahau?"

"Kusahau?" Akakasirika kidogo, kama fundi aliyeulizwa kama anaijua nyundo. "Unaacha lami, kilomita kumi na nne. Daraja lililoanguka, kulia. Unavuka mto pale penye jiwe jeupe, unafuata kingo mpaka miti miwili iliyoegemeana, unapanda. Njia ninayo mpaka leo. Nimekwambia hakuna njia kwa sababu hakuna kilima."

Mama Miche alimtazama asielewe.

"Kimechimbwa," Usukani akasema. "Kokoto. Ni miaka kumi na miwili sasa."

Akamweleza, huku akisugua mapaja yake kwa viganja. Kampuni aliyoiendeshea lori ilifungua machimbo mapya. Siku ya kwanza waliambiwa wafuate gari la msimamizi. Walipoacha lami hakuwaza neno. Walipofika kwenye daraja na kukata kulia, akajiambia labda wanapita tu. Hawakuwa wanapita. Jioni hiyo alimwendea msimamizi akamwuliza: Hapa mmewauliza watu wa bustani ya mimea? Hapa pana miti.

"Akaniambia sana tu, wameulizwa, na wamejibu. Akafungua faili akanionyesha barua. Imeandikwa hakuna kumbukumbu ya mmea wowote wa kuhifadhiwa." Akaacha kusugua mapaja. "Nikaangalia saini. Ile saini ninayo ndani, kwenye cheti cha ndoa."

Kikombe cha Mama Miche kilikuwa tupu lakini alikinyanyua, akakishusha. Aliikumbuka barua hiyo. Ofisi ya machimbo ilikuwa imeleta orodha ya maeneo tisa, kwa namba na michoro ya mistari, hakuna jina la kilima hata kimoja. Alifungua daftari akalinganisha kwa makini, eneo kwa eneo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulipua kazi. Maeneo yote tisa yalikuwa kaskazini ya mto. Mia Nne Kumi na Saba, kwa mwandiko wake mwenyewe, alitoka kusini. Akaandika hakuna, akatia saini, akaenda kumwagilia.

"Nilikificha kilima," akasema. "Nilikiandika mahali pasipo pake ili wezi wasikione. Wewe ulikuwepo, uliniona nikiandika."

"Nilikuona. Nilidhani ukweli unao kichwani."

"Ukweli ulikuwa nao wewe!"

Jikoni sufuria lilikuwa linachemka na hakuna aliyelishughulikia.

"Mimi nilifikiri umekusudia," Usukani akasema mwishowe. "Nilifikiri umekifuta kile kilima. Kama ulivyonifuta mimi."

Hapo Mama Miche alilia, si kwa staha ya mgeni. Alilia kilima, alilia vichaka thelathini na kimoja alivyovitilia saini kwa mkono wake, alilia miaka kumi na miwili ambayo mtu huyu alilala akiamini jambo hilo. Usukani hakumgusa. Alisogeza kiti chake karibu tu, mpaka kiti kikagusa kiti.

"Nikakibeba," akaendelea taratibu, kama mtu anayeona afadhali amalize. "Ningefanyaje? Miezi minane nimebeba kilima kile nyuma yangu, tripu kwa tripu. Soko la hapa limejengwa nacho. Kabla hawajalipua upande wa juu, nilikwenda Jumapili moja na jembe. Ilibaki mitatu. Miwili mikubwa haikung'oka. Mmoja nikautoa."

Mama Miche akaacha kulia.

"Uko wapi?"

"Ule uchafu wa nyuma?" wifi akadakia kutoka mlangoni. "Ule anaoumwagilia maji ya kuogea? Miaka kumi na moja namwambia autoe aweke mchicha!"

Ulikuwa karibu na bafu, kwenye nusu ya pipa la mafuta, umepanda kupita kichwa cha mtu. Majani yalikuwa mazito na yanang'aa, yenye afya ambayo ule wa nyumba ya kioo haujawahi kuwa nayo. Mama Miche aliligeuza jani moja akapapasa upande wa chini kwa kidole gumba: vinyweleo vilikuwa pale. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Mbona hukuuleta?"

"Ningeuleta nikuambie nini? Nimekuletea kilichobaki kwenye nilichokibomoa?"

Mama Miche akamweleza badala yake habari za dume na jike, kwa maana Usukani aliondoka kabla hayo hayajajulikana. Akamweleza kwamba ule wa bustanini ni jike, shina limeanza kuoza, vipandikizi vinakataa, na kwamba dume mmoja tu, mmoja, angetosha. Wifi akaguna.

"Hata miti inasumbuliwa na wanaume kuchelewa."

Lakini Usukani hakucheka. Mama Miche aliona kitu kinapanda usoni pake taratibu, kuanzia shingoni, kitu ambacho hakukiona tangu siku walipokuwa wawili tu kwenye mvua na magazeti mabichi. Mgongo ukajaribu kunyooka.

"Kwa hiyo huu ukiwa dume..."

"Tunapata mbegu."

"Tunapanda upya."

"Tunapanda, tunatafuta kilima kingine. Ndiyo."

"Mke wangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo siku hiyo, "miaka kumi na moja nikiumwagilia huu mti nimekuwa nikijisemea kwamba haitoshi. Jiwe lote lile, na mti mmoja. Kama ni dume, basi nilifanya kitu. Angalia. Una maua, yako pale juu, angalia."

Yalikuwepo. Ya kijani kilichofifia, madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Mama Miche akapanda juu ya tofali, akainua lenzi, akafungua ua la kwanza kwa ukucha.

Katikati kulikuwa na kifuko cha mbegu, cha mviringo, na juu yake ndimi tatu ndogo zenye unyevu. Chavua hakuna.

Akafungua la pili. La tatu. Akahama tawi. Alifungua maua kumi na tisa, mkono ameuegemeza kwenye shina. Kila ua lilikuwa na kifuko, kila ua lilikuwa na ndimi tatu, na vumbi la njano alilolingoja nusu ya maisha yake halikuwepo hata chembe. Jike. Majike wawili, na kilima kilikuwa kwenye kuta za soko. Ulikuwa mwisho wa mti ule, na alikuwa amesimama juu ya tofali akiutazama kwa lenzi.

Nyuma yake alisikia pumzi ya Usukani.

"Je?"

Katika kazi yake yote Mama Miche alikuwa ameandika uongo mmoja, na alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa bei yake. Alijua pia kwamba akigeuka na kusema lile neno la kweli, mtu huyu atalipokea kwa adabu, atamsindikiza stendi, atarudi hapa kumwagilia pipa lake mpaka afe, na yeye atarudi kwenye upande wa ukutani.

"Dume," akasema.

Usukani akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaweka uso kwenye viganja, na mabega yakawa yanakwenda juu na chini. Wifi, ambaye alikuwa amepanda mipapai maisha yake yote, alikuja akachuma ua moja, akalisugulia kwenye kiganja. Akakitazama kiganja: kilikuwa kisafi. Akamtazama Mama Miche. Wakatazamana kitambo. Kisha wifi akapangusa mkono kwenye kanga, akasema anakwenda kutafuta gunia la kuufungia huo mti, maana hautapanda basi ukiwa uchi.

"Mbegu zinachukua muda gani?" Usukani akauliza alipoweza.

Mama Miche alikuwa bado juu ya tofali. Akashuka taratibu, akijishikiza begani pa Usukani, na hakuutoa mkono aliposhuka.

"Hazina haraka. Mwaka huu huenda zisishike. Hata mwakani." Akaishusha lenzi kifuani. "Ufunguo wa nyumba ya kioo ninao. Itabidi mtu awe anakuja kuangalia."

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zishike," akasema Mama Miche, akaanza kumfungua vifungo vya shati vilivyopishana, kimoja kimoja, ili asilazimike kumtazama usoni.